Viatu vya Kombania ya Tatu

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Mama amegombana na daktari wa meno na sasa anatafuna upande mmoja kwa ukaidi tu. Anasema kama bado unavuta sigara usimjibu, na kama umeacha mwandikie ukurasa mzima. Dada amejifungua salama, mtoto wa kike, wa tatu sasa. Shemeji alikuwa ameshaandaa jina la kiume, imebidi alirudishe alikolitoa.

Mimi nimepata kazi kwenye filamu. Usianze kucheka, siigizi. Nasimamia mavazi. Ni filamu ya vita, vita yenu ile, lakini haina majenerali wala ramani. Mwongozaji ni mtu mwembamba mwenye miwani mizito, sote tunamwita Miwani, na anachotaka ni askari wa miguu tu: watu thelathini wanaorudi nyuma kwenye mvua siku kumi na moja. Nguo nimezimudu. Naziloweka kwenye chai ya rangi, nazisugua magotini kwa tofali, nazianika zikiwa zimekunjwa ili mikunjo ikauke nazo. Viatu ndivyo vinanishinda. Nikivichakaza vinaonekana vimechakazwa na mtu. Wewe ulivaa, na sasa unashona. Niambie kiatu cha askari kinaanza kuisha wapi.

Jeshi limetuazima malori, askari themanini na jozi mia na ishirini za viatu, pamoja na mshauri, Meja mstaafu. Anasema ndiye aliyekuwa Kapteni wa Kombania ya Tatu. Si ndiyo kombania yako na Baba? Lazima mnafahamiana.

Mpwa wako


2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu ndio una maoni yake. Kibanda bado kipo hapa ubavuni mwa posta. Wamekuja tena kunichorea alama nyekundu ukutani kwamba watabomoa. Ni mara ya tatu. Aliyechora mara ya kwanza alirudi baada ya wiki na kiatu kilichofumuka, na wa pili vilevile, kwa hiyo nasubiri. Mpongeze dada yako. Mwambie mama yako sigara nimeacha, ukurasa mzima sina.

Kiatu cha askari hakianzi kuisha soli. Kinaanza kisigino, upande wa nje, halafu mshono wa ulimi, ndipo maji yanapata njia. Kamba zinakatika siku ya nne au ya tano, unafunga kwa waya wa simu. Ngozi iliyolowa ikikauka juu ya moto inakuwa kama ubao, kwa hiyo usipake rangi. Lowesha, kausha, lowesha tena, mara sita. Na waambie waigizaji wako wasinyanyue miguu. Mtu aliyevaa kiatu kilicholowa siku tatu hanyanyui mguu, anausukuma.

Huyo Meja simjui. Watu tulikuwa wengi.

Mjomba wako


21 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameng'oa jino na amekuwa mpole kwa siku mbili, tukaogopa. Mtoto wa dada analia kama king'ora cha kiwanda.

Nimefanya ulivyosema na viatu vimekuwa viatu. Tatizo ni Meja. Kila asubuhi anawapanga waigizaji mstari na kukagua vifungo. Akiona ngozi imepasuka anakuja kwangu, anasema askari wake hawakuwa ombaomba, kila mmoja alipewa kiatu cha namba yake, kipya. Miwani ameandika sehemu ambapo majeruhi wanaachwa kwenye ghala. Meja ameikata kwa kalamu yake mwenyewe. Amesema Kombania ya Tatu haikumwacha mtu, na mwenye kusema vinginevyo atafute malori kwingine.

Juzi nikamwambia Baba yangu alikuwa kwenye kombania yake. Nikamtajia jina. Nikamwambia ni yule mrefu, aliyekuwa anainama kila mlango. Alivua kofia, akaitazama ndani, akavaa tena. Akasema hamkumbuki. Mjomba, wewe na Mama mmesema maisha yangu yote kwamba Baba alikuwa mrefu kuliko watu wote wa kikosi chake. Kapteni anamsahauje mtu ambaye kichwa chake kinaonekana juu ya mstari mzima?

Mmesema pia alipigwa risasi darajani, hakuteseka. Nikamuuliza Meja daraja lilikuwaje. Akaniambia njia ile haikuwa na daraja.

Nakuuliza wewe sasa.

Mpwa wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Barua yangu umeipata, maana karani wa posta aliyeko hatua kumi kutoka kibandani kwako amenithibitishia kwa simu. Swali langu lilikuwa la maneno machache. Najua kusoma, na najua pia kusoma mahali ambapo hapakuandikwa kitu.

Mpwa wako


1 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa wote. Sasa soma, na ukimaliza usiniletee huruma wala maswali.

Huyo Meja namjua. Ningemjua hata wangemfunika gunia.

Wiki mbili kabla ya kuondoka tuliletewa viatu, masanduku kumi na mawili, vyote namba saba. Kombania nzima, watu mia na ishirini, kwa mujibu wa karatasi tulikuwa na miguu ya mtu mmoja. Kapteni alitia saini kwamba vimepokelewa na vinafaa, kwa sababu kuvirudisha kungemchelewesha na yeye alitaka kuwa wa kwanza kufika mbele. Mimi navaa namba saba. Nilichekwa kwa bahati hiyo. Baba yako alivaa namba kumi. Akachukua kisu cha jikoni akakata pua za viatu vyake, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake wakikisubiri kisu. Vidole vilichungulia nje kama watoto dirishani. Tulicheka sana siku hiyo. Kulikuwa na jua.

Halafu tukarudi nyuma, na mvua. Siku ya tano vidole vyake vilikuwa vyeupe kama sabuni, siku ya saba vyeusi. Siku ya nane nilimbeba, na ya tisa. Urefu wote ule, nilikuwa namburuta zaidi ya kumbeba. Siku ya tisa soli ya kiatu changu cha kulia ilibaki kwenye tope.

Siku ya kumi asubuhi tulifika kwenye ghala la nafaka, tupu. Walikuwa saba wasioweza kutembea, wote wa viatu vilivyokatwa. Kapteni alisema walazwe humo, malori yatarudi kuwachukua. Malori yalikuwa matatu na yalishatupita jana yake, yamebeba makabati ya ofisi, meza na kitanda chake. Nilikwenda kwa mtu wa redio nikamuuliza kama malori yameitwa. Akaniambia redio imekufa tangu juzi, na Kapteni anajua.

Kwa hiyo na mimi nilijua. Nikarudi ghalani. Shemeji, baba yako, alikuwa ameegemea ukuta. Akaniuliza, "Gari linakuja?"

Nikasema, "Linakuja mchana huu."

Akafungua kamba, akavua viatu, akanisukumia. Akasema, "Vaa wewe. Mimi si nitapanda gari."

Nilivivaa. Nilirudi navyo nyumbani. Mama yako alivifua akidhani ni vyangu, akauliza kwa nini havina pua, nikasema ndivyo vinavyotengenezwa siku hizi. Ulikuwa hujatimiza miaka mitatu. Ulikuwa umekaa chini unavichezea.

Risasi na daraja nilivitunga mlangoni, mama yako akiwa amenishika mikono yote miwili. Ndicho kilichokuja haraka.

Usimwambie.

Mjomba wako


19 Aprili

Mjomba,

Wazima wote. Shikamoo nitakupa, kwa sababu nimelelewa.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya sanduku la viatu vya jeshi. Nilipomaliza nilichukua kisu cha ngozi nikakata pua za jozi ya kwanza. Halafu ya pili. Sikuwa nimepanga. Nilifika jozi arobaini, mkono ukafa ganzi, na nilipoinua kichwa Meja alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo.

Akaniuliza kama nina akili timamu. Kelele zake zikawaleta watu, Miwani na wale askari themanini walioazimwa, vijana wa umri wangu. Nikasimama nikasema, "Viatu vyote vilikuwa namba saba, na wewe ndiye uliyetia saini."

Hakukataa, Mjomba. Ndicho kilichonichoma. Aliuliza tu, "Nani kakuambia?"

"Fundi viatu," nikasema.

Akasema vita si ushonaji, na kwamba alileta nyumbani watu mia moja na kumi na tatu, kwa nini hakuna anayetengeneza filamu juu ya hao. Askari mmoja mstari wa mbele alikuwa anaitazama miguu yake mwenyewe. Meja aliondoka bila kufunga mlango. Ijumaa ikaja barua: jeshi linachukua malori, askari, mahema na viatu vyake, vikiwemo vilivyoharibiwa.

Mwenye kampuni ya filamu alikaa ofisini akalia kama mtu aliyefiwa, na alitaka nifukuzwe. Miwani alikaa siku mbili akiandika upya mswada wake. Siku ya tatu akatukusanya akasema tutapiga filamu hii bila lori hata moja. Watu watatembea, na saba watangoja gari, na mtazamaji naye atangoja nao. Ameirudisha ile sehemu ya ghala.

Sasa mimi na wewe. Meja nimeshamchukia, hiyo ni kazi rahisi. Wewe ndiye unayenipa shida. Ulimdanganya Baba, ukaja ukamdanganya Mama, halafu ukakaa kwenye meza yetu kila likizo ukila na kutuchekesha. Mama amekuwa akikuombea dua kwa sababu ulikuwa na mumewe dakika ya mwisho. Mwandikie. Nakupa mpaka mwisho wa Juni, la sivyo namwambia mimi.

Na nahitaji viatu. Sina hata jozi moja.

Mpwa wako


5 Mei

Mpwa wangu,

Salamu kwa nyumba nzima.

Nimepakia magunia matatu, jozi themanini na sita. Ni viatu ambavyo wenyewe waliviacha kibandani kwangu miaka na miaka na hawakurudi kuvichukua. Vingi nilishavishona, nimevifumua tena, maana hutaki vizima. Vya kukata pua usikate kwa mkato ulionyooka. Wale waliokuwa wanakata walikuwa na haraka, kisu kilikuwa butu. Na mtu wa kiatu kilichokatwa huwa anakunja vidole ndani visigonge mawe, kwa hiyo magoti yake hujikunja kabla ya wakati. Mwambie huyo anayeigiza.

Mengine yote hapana. Usinipe tarehe. Nimewahi kupewa tarehe na watu wenye bunduki. Unaandika kama mtu aliyekuwepo. Ungekuwepo ungesema nini pale ukutani? Ungemwambia, shemeji, hakuna gari, baki hapa ufe? Haya, mwandikie mwongozaji wako maneno hayo, tuone kama kuna mwigizaji atakayeweza kuyatamka.

Dada yangu amelala vizuri miaka ishirini na mbili. Wewe unataka kumwamsha ili iweje? Ukimwambia, usiniandikie tena.

Mjomba wako


7 Julai

Mjomba,

Uliniambia nisikuandikie. Naandika.

Sikumwambia mimi. Baada ya jeshi kuondoka nilibaki na wasaidizi wawili, na Mama akasema anakuja kunisaidia kushona vifungo, kukaa nyumbani kunamchosha. Nilikataa, akaja. Alikaa stoo wiki mbili, miwani puani, akiwasema waigizaji kwa kupoteza vifungo. Walimpenda.

Jumanne ilikuwa siku ya ghala. Nilimpa kazi upande wa pili makusudi, lakini uzi ulimwishia akanifuata. Alisimama nyuma ya kamera. Watu saba wamelala kwenye sakafu ya saruji, viatu vyako miguuni, vidole nje, tumevipaka rangi. Yule anayeigiza Baba ni mrefu, ameegemea ukuta. Hakuna anayezungumza. Miwani aliwaacha walale hivyo muda mrefu mpaka mtu wa kamera akaanza kumtazama.

Mama akaninong'oneza, "Hawa wanangoja nini?"

Nikasema, "Gari."

Akatazama tena. Akatazama viatu. Mjomba, viatu kama hivyo aliwahi kuvifua. Nilimwona anavitambua. Akaniuliza nani kaniambia habari hiyo na sikujibu, na kutojibu kwangu kukatosha. Alirudi stoo akachukua mkoba wake. Nilimpa barua yako ya Aprili, akaisomea ndani ya teksi, dereva akiwa amezima injini.

Hakulia. Ninasema ukweli, ningependa angelia. Nyumbani aliishusha picha yako ile ya sare, iliyokuwa juu ya redio, akaiweka ndani ya bahasha, akaandika anwani yako. Naituma pamoja na hii. Kitu pekee alichosema ni hiki: "Alinikalia mlangoni mwaka mzima akinizuia nisiende kuutafuta mwili. Nilidhani ananihurumia."

Hilo hukuniandikia.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa wangu,

Picha imefika, kioo kimevunjika.

Ndiyo, nilimzuia. Angelifika kule angeliuliza daraja liko wapi.

Nimemwandikia kurasa tisa. Zimerudi bila kufunguliwa, nyuma pameandikwa kwamba mpokeaji amehama. Mwandiko ni wake mwenyewe, ameukandamiza mpaka kalamu imetoboa bahasha. Nimeandika tena. Hiyo nayo imerudi.

Nimekuwa na hasira na wewe tangu Aprili, na hasira na yule mtu tangu nilipokuwa kijana. Wiki hii nimegundua zote mbili zimenichosha, na imebaki moja ambayo sijui niipeleke kwa nani.

Bado navuta sigara. Hilo nalo mwambie.

Mjomba wako


2 Desemba

Mjomba,

Shikamoo, ya kweli safari hii. Mtoto wa dada ameanza kutambaa na ametafuna ukurasa mmoja wa barua hii, kwa hiyo naandika upya.

Filamu imetoka wiki sita zilizopita. Wiki ya kwanza ukumbi ulikuwa robo. Watu waliokuja kutafuta mizinga walitoka katikati wakidai hakuna kinachotokea humo ila kutembea. Meja akaandika gazetini kwamba ni uzushi wa mafundi cherehani. Nadhani ndicho kilichotusaidia. Kuanzia Jumatatu yake walianza kuja wazee, mmoja mmoja, na makoti yao ya kwenda misibani. Hawakupiga makofi. Walikuwa wanabaki vitini taa zikishawaka, mfagiaji anawazunguka. Sasa foleni inafika kwenye kituo cha mafuta, na mwenye kampuni aliyetaka nifukuzwe anawaambia waandishi kuondoa malori lilikuwa wazo lake.

Mama ameiona mara tatu, peke yake. Mara zote alitoka kabla ya ghala. Juzi ilikuwa mara ya nne, akaniambia nimsindikize, na akabaki.

Tulipotoka kulikuwa na mzee kwenye benchi la nje, na magongo mawili ya kutembelea. Viatu vyake vilikuwa vifupi, vya kushonesha, kama vya mtoto. Nilivitazama kikazi kabla sijaelewa kwamba hana vidole. Mama alielewa kabla yangu. Akakaa kando yake akamwambia yeye ni mke wa yule mrefu.

Alikuwa mmoja wa wale saba wa ghalani, Mjomba. Watu wa mashamba ya jirani walimtoa siku ya nne, akiwa peke yake anayepumua. Baba alifariki siku ya pili, mchana. Mzee anasema hakupiga kelele, alikuwa na homa na alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Halafu Mama akamuuliza kama Baba alikufa akingoja gari.

Mzee akasema hapana. Akasema ulipotoka tu pale mlangoni, wengine walianza kuulizana gari litafika saa ngapi, na Baba akacheka. Akawaambia, "Hakuna gari. Shemeji yangu hajawahi kujua kudanganya. Nimempa viatu ili aende."

Mama aliuvuta mkoba wake mapajani. Watu walikuwa wanatupita wakielekea kwenye foleni. Nilimwona uso unabadilika, nikadhani sasa atalia. Alikuwa amekasirika, Mjomba, kuliko siku ile ya ghala. Amekasirika na Meja, na wewe, na Baba pia kwa kucheka, na yule mzee kwa kukaa na jambo hilo miaka ishirini na mbili bila kumtafuta. Alimwambia hivyo usoni, na mzee akasema ana haki.

Alipoinuka akaniambia nikuandikie, na nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, maana alitaka nimsomee mara mbili kuhakikisha.

"Mwambie aje. Sijamsamehe, asije akifikiri hivyo. Barua zake sitafungua hata moja. Aje akae mbele yangu aniambie kwa mdomo wake, tangu ile siku ya masanduku, asiruke kitu, nami nitamtazama usoni mpaka amalize. Na chakula atapewa."

Mpwa wako